Bibi Akinawa: Kisa cha Mama Aliyepungua Uzito Akiwa Kwenye Sinia la Familia

Kisa hiki ni cha mteja niliyemfuatilia nikiwa upande wa lishe katika kituo kimoja cha afya mkoani Kigoma, kuanzia Januari 2024. Mwenyewe ameridhia kiandikwe. Nimeondoa jina, mtaa, aina ya biashara yake na mambo mengine ambayo jirani angeweza kumtambua kwayo. Nitamwita Mama R. Nakiandika kwa wenzangu wanaotoa ushauri wa lishe, na kwa yeyote anayetaka kupungua huku anaishi kwenye nyumba ya watu wengi. Ushauri mwingi tunaoutoa unachukulia kwamba mtu anajipikia na anakula peke yake, na nyumba za namna hiyo huku kwetu ni chache.

Alikotoka

Mama R. alikuwa na miaka 43. Alizaliwa na kukulia kwenye familia ya wakulima upande wa Kasulu, akaolewa Ujiji. Nyumbani ni watu saba: yeye, mumewe, mama mkwe ambaye nyumba nzima humwita Bibi, wavulana wawili na wasichana wawili. Ana meza ya biashara soko la Mwanga. Asubuhi anapanda bajaji, mchana kutwa yuko kwenye kiti, jioni anapanda bajaji kurudi.

Kijijini alikuwa analima, anabeba maji na kuni, anapanda na kushuka milima. Ugali aliokuwa anakula ulikuwa na kazi ya kuufanya. Alipohamia mjini kazi ilipungua, ugali ukabaki uleule. Halafu biashara ikakubali kidogo, na vikaongezeka vitu ambavyo kijijini havikuwepo kila siku: soda, chapati za saa nne, chai ya sukari nyingi, samaki wa kukaanga.

Alikuja kwetu kwa sababu ya kichwa kuuma na kuchoka. Uzito wake ulikuwa kilo 91 kwa urefu wa sentimita 160, yaani uwiano wa uzito na urefu wa 35.5, wakati kuanzia 30 tayari ni unene uliokithiri. Kiuno kilikuwa sentimita 108; kwa mwanamke, kupita 88 ni dalili ya hatari kubwa ya kisukari na magonjwa ya moyo. Presha ilisoma 148/94, na aliporudi wiki iliyofuata haikuwa imeshuka. Sukari ya damu kabla ya kula ilikuwa milimoli 6.4 kwa lita, haijafika kisukari lakini imeshapita kawaida. Hakuwa mjamzito, na hakuwa anatumia sindano ya uzazi wa mpango, ambayo kwa baadhi ya wanawake huongeza uzito.

Hakuwa mgeni wa kujaribu kupungua. Alishawahi kunywa majani ya chai ya kukata tumbo yaliyomharisha wiki nzima; kilo mbili zilizotoka zilikuwa maji na zilirudi mara moja. Alishafanya daiti ya mayai na matango aliyotumiwa kwenye simu. Alishashinda na njaa mpaka saa kumi jioni, kisha akala usiku chakula cha siku nzima. Alinieleza yote hayo kwa aibu, kana kwamba ni ushahidi kwamba yeye hana nia. Mimi niliona mtu mwenye nia kubwa ambaye kila alichojaribu kilimtaka apambane na nyumba yake akiwa peke yake.

Tulichokikuta jikoni

Kabla ya kumpa ushauri wowote nilimwomba anihesabie vitu viwili tu: dumu la mawese la lita tano linakwisha kwa siku ngapi, na kwa siku anatia vijiko vingapi vya sukari kwenye chai.

Dumu lilikuwa linakwisha kwa siku tisa. Ukigawa kwa watu saba, kila mmoja anapata mililita 79 kwa siku, vijiko vikubwa vitano na kidogo. Mafuta ya aina yoyote yana kalori tisa kwa kila gramu, kwa hiyo hapo kuna kalori 650 hivi kwa kila mtu, kila siku, hata kabla ya kufika kwenye ugali. Sukari ilikuwa vijiko vitatu kwa kikombe, vikombe vinne kwa siku, yaani gramu 60. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia kumi ya nguvu yote ya chakula. Kwa mtu anayehitaji kalori 2,000 hizo ni gramu 50. Yeye alikuwa ameshazipita kwa chai peke yake, na soda ya mchana ilikuwa bado haijahesabiwa.

Niseme wazi kwamba sina ugomvi na chakula cha Kigoma. Dagaa wa Ziwa Tanganyika ni protini na madini. Sombe, yaani kisamvu, ni mboga ya majani. Mawese mekundu yana karotini nyingi, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na ni kosa kumwambia mama wa Ujiji ayaache akanunue mafuta mengine ya kupikia yenye kalori zilezile. Ila nusu ya mafuta yaliyomo kwenye mawese ni yale yanayopandisha lehemu mbaya kwenye damu, na mtu mwenye presha hana sababu ya kuyala kwa wingi ule. Chakula kilikuwa kizuri; kipimo ndicho kilichopotea.

Uamuzi wa mwanzo na sababu zake

Daktari alimwanzishia kidonge kimoja cha presha kwa siku. Upande wangu niliamua nisimpe orodha ya vyakula vilivyokatazwa wala nisimfundishe kuhesabu kalori. Anayekula sinia moja na watu wengine watatu hawezi kujua amekula matonge mangapi, na ukimlazimisha ahesabu utamgeuza mgeni kwenye chakula chake mwenyewe. Badala yake tulikubaliana mambo matatu ya kuanzia.

Dumu jipya likinunuliwa, tarehe inaandikwa ubavuni kwa peni ya wino mzito, na lengo ni lifike siku kumi na sita. Asubuhi asitoke bila kula: muhogo au viazi vitamu vya kuchemsha pamoja na maharage yaliyobaki jana au yai, ili saa nne isimkute na njaa mbele ya muuza chapati. Sukari ishuke kijiko kimoja kila baada ya wiki mbili, kwa sababu ulimi huzoea taratibu.

Dumu lilifanya kazi kuliko nilivyotegemea. Tarehe ilikuwa inaonekana na kila anayeingia jikoni. Binti mkubwa, ambaye ndiye hupika siku nyingi, alianza kuyapima mawese kwa kikombe kidogo cha kahawa badala ya kumimina moja kwa moja kutoka kwenye dumu. Dumu la pili lilifika siku kumi na tatu, la tatu likafika kumi na sita. Kwa hesabu ileile, kila mtu ameshuka hadi vijiko vitatu hivi, karibu kalori 280 pungufu kwa siku, na hakuna aliyeambiwa kwamba yuko kwenye daiti. Mwisho wa Februari Mama R. alikuwa na kilo 88.5.

Sahani ya peke yake

Katikati ya Februari dada yake aliye Dar es Salaam alimshauri anunue sahani yake, ajipakulie kwa kiasi na ale pembeni. Ni ushauri sahihi kabisa kwenye vitabu. Nyumbani ulileta baridi. Bibi alikula siku mbili bila kusema neno, siku ya tatu akamwambia mwanawe kwamba mkewe amejitenga.

Nilikwenda kuwatembelea pamoja na mhudumu wa afya wa mtaa. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani nikamuuliza Bibi analionaje jambo hili. Alijibu bila hasira:

"Mwanangu, mtu akila peke yake mimi nitajuaje kama hajanikasirikia?"

Nilimweleza habari za presha, maana kumbe hakuwa ameambiwa. Alinyamaza kidogo, akauliza kama ndiyo ileile iliyompooza mdogo wake upande mmoja. Nikamwambia ndiyo hiyohiyo. Hapo akamgeukia mkwewe: "Mimi tonge zangu ni chache, unaniona. Basi rudi kwenye sinia. Mimi nikinawa, na wewe unawe."

Ndivyo ilivyokuwa. Nyumba hiyo wanaume wana sinia lao na wanawake lao. Bibi, kama wazee wengi, anakula kidogo na taratibu. Mama R. akarudi kwenye sinia, akawa anakula kwa mwendo wa Bibi, na birika likipelekwa kwa Bibi, naye ananyoosha mikono. Wasichana wanaendelea kula mpaka washibe, kwa kuwa wako kwenye umri wa kukua na ugali umebaki kwenye hotpoti. Jambo lingine likafuata lenyewe: kwa kuwa muda wake wa kula umefupika, akaanza kuanza na mboga na kitoweo, asije akanawa kabla hajavifikia. Ugali wa muhogo una protini kidogo sana. Mtu aliyejaza tumbo kwa huo peke yake njaa humrudia mapema. Akianza na dagaa na mboga, shibe inakaa.

Katika kisa kizima, huu ndio uamuzi ninaouthamini kuliko wote, na haukutoka kwangu.

Mazoezi

Wenzake wa sokoni walimwingiza kwenye klabu ya kukimbia ya Jumamosi. Alikwenda mara chache, goti la kulia likavimba, akaacha. Kwa mtu wa kilo 90 ambaye hajakimbia tangu ujana, kila hatua ya kukimbia inabebesha goti mzigo mara kadhaa ya uzito wake, kwa hiyo goti kulalamika si ajabu. Lililomuumiza zaidi ni vijana wa barabarani waliokuwa wanamtania kwa sauti.

Tulitafuta kitu ambacho hakihitaji nguo maalumu wala uwanja. Jirani yake, mama wa rika lake, huwa macho baada ya sala ya alfajiri. Wakaanza kutembea pamoja wakiwa na mabaibui yao, dakika kumi kwenda na kurudi, kabla mtaa haujachangamka. Jioni akawa anashuka kwenye bajaji kabla ya kufika, anamalizia kwa miguu. Ilipofika Juni alikuwa anatimiza nusu saa kwa siku tano za wiki, ambazo ni dakika 150, kiwango cha chini anachoshauriwa mtu mzima na Shirika la Afya Duniani. Shirika hilo linashauri pia mazoezi ya misuli angalau siku mbili kwa wiki. Kwa hayo tulitumia kigoda cha jikoni: kukaa na kusimama bila kujishika, mara tano mwanzoni, baadaye mara kumi na tano. Vilevile alirudia kutwanga sombe mwenyewe kwa kinu mwisho wa wiki, kazi ambayo alikuwa ameiachia mashine. Ukitwanga sombe ya watu saba, mabega na mgongo vinajua.

Ramadhani

Ramadhani ya mwaka huo ilianza karibu katikati ya Machi. Watu wengi hudhani mfungo unapunguza uzito. Kwake uliongeza. Futari ilikuwa uji wenye sukari, mihogo, tambi, kaimati na sambusa, baada ya tarawehe wanakula tena, kisha daku. Dumu lilikwisha ndani ya siku nane. Matembezi ya alfajiri aliyaacha kwa kuhofia kiu, na kliniki hakuja. Baada ya Idd mizani ilisoma kilo 90.

Alitegemea kugombezwa. Nilimwonyesha namba zote tatu kwenye kadi: 91, 88.5, 90. Bado alikuwa chini ya alipoanzia, na kilichoongezeka tulikuwa tunakijua kwa majina yake. Wiki hiyohiyo alirudi kutembea na jirani.

Ziwa lilipofungwa

Kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti 2024 serikali ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika ili samaki wazaliane. Bei ya dagaa na migebuka ilipanda, na nilihofu kwamba nyumba itajaza nafasi ya samaki kwa ugali. Ilikuwa kinyume. Mama R. aliagiza gunia la maharage kutoka kwao Kasulu, na miezi hiyo maharage yakawa kitoweo cha siku nyingi, yakipikwa kwa kitunguu, nyanya na mawese ya kupima. Maharage yana protini na nyuzinyuzi nyingi, hukaa tumboni muda mrefu, tena chumvi yake unaitia mwenyewe, tofauti na samaki wa kukausha kwa chumvi. Mwenye presha anatakiwa asizidishe gramu tano za chumvi kwa siku, kama kijiko cha chai kimoja. Uvuvi ulipofunguliwa, uzito ulikuwa kilo 86. Samaki waliporudi, walirudi wengi wao wakiwa wa kubanika au wa mchuzi. Wa kukaanga wakabaki wa Ijumaa.

Maneno ya watu

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo wateja wangu wengi wanapoachia njiani.

Mtu akinenepa kwetu tunamwambia amependeza, ndoa imemkubali. Akipungua tunamuuliza kwa sauti ya chini kama anaumwa, na wote wanajua ni ugonjwa gani unaofikiriwa. Mama R. alipofika kilo 86 mashavu yalikuwa yamepungua na magauni yanamlegea. Mteja wake wa siku nyingi alimshika mkono akamwambia, "Dada yangu, umekwisha. Umepima?" Jirani mwingine alimuuliza mumewe kama kuna njaa ndani. Mume alikasirika na kumtaka mkewe aache. Maneno yake, kama alivyonisimulia mwenyewe alipokuja kituoni, yalikuwa: "Mke wangu akikonda, watu wanahukumu mimi."

Sikubishana naye. Nilimpima presha mkewe mbele yake, nikamwonyesha ya Januari na ya siku ile, nikamweleza kiharusi kinakujaje. Alikuwa hajawahi kuziona namba hizo. Tukakubaliana jibu moja ambalo nyumba nzima italitumia: "Ana presha, daktari amemwambia apunguze mwili." Watu wa hapa wanaheshimu agizo la daktari, na presha ni ugonjwa usio na aibu. Jibu lile liliyazima maneno kuliko maelezo yoyote ya lishe ambayo ningeyatoa.

Matokeo

Oktoba 2024 alikuwa na kilo 83.5, pungufu ya kilo saba na nusu, zaidi kidogo ya asilimia nane ya uzito aliokuja nao. Kiuno kilifika sentimita 99. Presha ilisoma 130/84 na sukari kabla ya kula 5.7. Goti halivimbi. Kile kilima cha kutoka stesheni mpaka Mwanga, ambacho mwanzoni alikuwa anasimama mara kwa mara kuvuta pumzi, alikipanda bila kusimama. Hili la kilima ndilo alilonisimulia kwanza, kabla hata hajapanda mizani.

Januari 2025 alikuwa na kilo 84.5.

Uchambuzi

Bado ana uwiano wa 33, kwa hiyo kwa vipimo vya kitabu yumo kwenye unene uliokithiri. Mwingine atasema hatukufanikiwa. Sikubaliani. Kupungua asilimia tano hadi kumi kunatosha kushusha presha na hatari ya kisukari kwa kiwango cha maana, na mwaka umepita bila uzito kurudi ulipokuwa, jambo ambalo majani ya chai na matango hayakuwahi kumpa. Ila siwezi kudai kwamba presha imeshushwa na chakula na matembezi peke yake, kwa kuwa alikuwa kwenye dawa tangu mwanzo, na anaendelea nayo.

Ukiyapanga yaliyodumu na yaliyokufa, tofauti inaonekana. Sahani ya pekee, klabu ya kukimbia na kushinda na njaa vyote vilimtaka awe mtu tofauti na wenzake, na vikafa ndani ya wiki chache. Tarehe kwenye dumu, kunawa pamoja na Bibi, kutembea na jirani baada ya alfajiri na jibu la daktari vilikaa juu ya jambo ambalo tayari lipo, na kila kimoja kilikuwa na mtu mwingine ndani yake. Siku Mama R. alipochoka, binti aliendelea kupima mawese na Bibi aliendelea kunawa.

Kupungua kwenyewe kumetokana zaidi na mafuta na sukari kuliko na kutembea. Nusu saa ya kutembea inachoma kalori chache kuliko zile 280 za mawese aliyopunguza kila siku. Lakini kutembea kumempa pumzi, goti na usingizi, na ndiko kunakosaidia uzito usirudi. Wateja wengi huanza na mazoezi wakaacha jikoni kama kulivyo, halafu mizani ikikataa kushuka wanakata tamaa na mazoezi yenyewe.

Kilichokuwa dhaifu ni ufuatiliaji wa miezi ya sikukuu. Ratiba ya kliniki inaenda kwa tarehe za kadi, wakati ulaji unaenda kwa Ramadhani, Idd, harusi na msiba. Vilevile mume na Bibi waliingia wakiwa wamechelewa. Wangeyajua majibu ya presha wiki ya kwanza, sahani ya pekee huenda isingenunuliwa kabisa.

Yaliyobaki

Binti mkubwa ameomba naye awe anapimwa na apunguze ugali. Ana miaka kumi na tano na uzito wake unafaa kwa umri wake. Tumemkatalia ugali upunguzwe. Soda ameikubali iwe ya sikukuu.

Kwa Ramadhani ya 2025, Bibi, Mama R. na binti walikaa nami kituoni kabla mfungo haujaanza. Tulikubaliana uji wa futari utiwe sukari mezani, kila mtu na kijiko chake, usitiwe sufuriani. Kaimati na sambusa ziwe za mwisho wa wiki. Matembezi yahamie kati ya futari na tarawehe, kwa kupita njia ndefu ya kwenda msikitini pamoja na jirani yuleyule. Daktari alihamishia kidonge cha presha wakati wa futari. Dumu lilinunuliwa na tarehe ikaandikwa.